Nyumba ya Shela: Safari ya Viareggio, Italia 🏖️

Zuhura: Assalaam alaykum nyote. Bi Mkubwa atatua Pisa Ijumaa inshallah. Siku ya bahari nimeiweka tarehe 1 Juni. Tarehe 2 ni sikukuu yao ya Jamhuri, nusu ya Toscana itakuwa mchangani. Kila mmoja ajibu leo.

Zuhura: Jamani?

Zuhura: Naona mmesoma.

Omari: Waalaykum salaam. Maji yakoje?

Zuhura: Jua ni kali lakini maji bado. Mwanzo wa Juni ni kama nyuzi 20. Jana niliishia magotini. Ladha ya bahari ya huku ni Julai na Agosti.

Khadija: 20?? Malindi hata kusi livume vipi maji hayafiki huko. Mtamtia mamangu kwenye friji 😂

Omari: Achemshiwe kwenye sufuria ya pilau 😂😂

Khadija: Na nani? Wewe chai yenyewe ulitia chumvi

Omari: Kopo halikuandikwa!!

Zuhura: Omari, nimeuliza tarehe. Sikilizeni. Upande wa Passeggiata, ile njia ya matembezi ya ufukweni, karibu pwani yote ni mabagno, yaani fukwe za kulipia, miavuli safu kwa safu na kila mmoja unalipiwa. Twendeni Lecciona, njia ya Torre del Lago. Kule ni bure, vilima vya mchanga na msitu wa misonobari nyuma yake. Ila mchangani hakuna kivuli, kila nyumba ije na mwavuli wake.

Mwanasha: Mwavuli wake. Sawa. Wangu ulipeperukia wapi kule Rimini?

Zuhura: Dada Mwanasha, tafadhali.

Mwanasha: Nauliza tu. Na pesa ya gari je?

*Salim amefuta ujumbe huu*

Omari: Tumeuwahi 👀

Zuhura: OMARI. Turudi kwenye hali ya hewa. Asubuhi bahari hulala kabisa. Ikikaribia saa sita upepo huanza kutoka majini, mchanga unaruka mpaka kwenye chakula. Likija libeccio, lile la kusini magharibi, bendera nyekundu hupandishwa na hakuna kuingia majini. Alasiri mtazame milima ya Apuane. Mawingu yakiwa meusi kule juu, radi huwa haiko mbali. Ndiyo maana nataka saa mbili asubuhi tuwe tumefika. Treni kutoka Lucca haimalizi nusu saa.

Khadija: Hiyo milima kwenye picha yako ina theluji Juni?

Zuhura: Ni machimbo ya marumaru, ya Carrara. Khadija, unakuja au huji?

Khadija: Nakuja, mbona unanigombeza

Ami Athman: 🎤 2:10

Ami Athman: Kwa wasiofungua sauti. Wanangu, Bi Mkubwa hakutoka Shela kuja kutazama bahari. Bahari anayo mlangoni. Anakuja kuwaona watoto wake wamekaa mkeka mmoja. Salim na Mwanasha wasipozungumza kabla ya siku hiyo, mimi nitamwambia abaki nyumbani kwa Zuhura, na atanisikia. Jingine, huko jua huzama karibu saa tatu usiku. Mjipange mapema, Magharibi asiswali njiani.

Khadija: Shikamoo Ami. Tumesikia.

Omari: Shikamoo Ami 🙏

Ami Athman: Marahaba.

*22:47*

Salim: Shikamoo Ami. Nimekuelewa. Mwanasha nitakupigia.

Mwanasha: Piga.

Zuhura: Alhamdulillah. Basi tarehe 1, saa mbili, Lecciona. Msituni hakuna kuwasha moto, kwa hivyo mahamri na mbaazi nitapika nyumbani usiku. Bi Mkubwa aletewe shali, kivulini penye upepo hupata baridi hata jua likiwaka. Na viatu vya kufunika, mchanga wa mchana unababua nyayo. Omari, maji ya kunywa ni juu yako. Kule hakuna duka la karibu.

Omari: Sawa dada

*Kesho yake, 13:20*

Faridi: Ndiyo nimeona sasa hivi. Tarehe 1 nina zamu. Haiwezekani 2?

Khadija: 🤦🏾‍♀️

Zuhura: Faridi nipigie. Wengine, nani ana mwavuli mkubwa? Mpaka sasa upo wangu tu.

Mwanasha: Mimi ninao mpya. Nasubiri simu.