Tu BiShvat: mwongozo upi wa mtandaoni unafaa kwa seder ya nyumbani?

Mkwaju_Toronto: Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Tu BiShvat, mwaka mpya wa miti wa Wayahudi, itaangukia 23 Januari 2027. Nimeoa kwenye familia ya Kiyahudi, na safari hii wakwe wametuachia sisi seder, yaani karamu ya ibada yenye utaratibu wa kusoma, kula matunda na kunywa divai. Watoto watakuwepo, na Kiebrania changu ni cha kuombea maji. Nimepekua Chabad.org, Sefaria, Haggadot.com na mwongozo wa Hazon (shirika la Kiyahudi la mazingira), nikazidi kuchanganyikiwa. Nishike upi?

Kinara_NBO: Sefaria ni maktaba, usiitafute kama ratiba ya karamu. Utaikuta Mishna (mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi), Rosh Hashana 1:1, panapotajwa miaka mipya minne: nyumba ya Shamai (wanafunzi wa mwalimu huyo) wanasema ya miti ni tarehe 1 ya mwezi wa Kiyahudi wa Shebati, nyumba ya mwalimu mwenzake Hileli wanasema tarehe 15. Tarehe yenyewe ilikuwa ya hesabu za zaka na umri wa mti, maana matunda ya miaka mitatu ya kwanza hayaliwi (Walawi 19:23). Tamu sana kwa anayependa kusoma, ila ukiwasomea wageni wenye njaa, sahani itakuwa tupu kabla hujamfikia Hileli.

Chabad.org ni ya sheria: baraka ipi kwa tunda lipi. Hapo haina mpinzani.

BintiMbale: Mimi ni wa Hazon. (Tangu 2023 wanaitwa Adamah, kwa hiyo tafuta majina yote mawili.) Unapakua bure, na unafuata vikombe vinne vya Wakabala (wafuasi wa elimu ya siri ya Kiyahudi): divai nyeupe, kisha nyeupe iliyotiwa nyekundu kidogo, kisha nyekundu ikizidi, hadi nyekundu kabisa. Watoto wape juisi ya zabibu, watashangilia rangi inavyobadilika. Matunda nayo kwa mafungu: yenye ganda gumu, yenye kokwa ndani, yanayoliwa yote. Huku nyumbani nazi inakaa la kwanza, embe la pili, pera la tatu.

Ndizi je? Kisheria si tunda la mti, kwa sababu shina hufa likishazaa na chipukizi lingine huinuka. Inasomewa baraka ya mazao ya ardhi. Mwambie hivyo Mganda mezani uone mjadala!

Kasoro ya Hazon ni maswali ya mazingira, yamejaa kupita kiasi. Chagua mawili, mengine ruka.

Zaituni_H: Hakuna aliyetaja Peri Etz Hadar? Ndiyo seder ya Tu BiShvat ya zamani zaidi kuchapishwa, ilitoka ndani ya kitabu cha Hemdat Yamim huko Izmir, Uturuki, miaka ya 1731–32. Tovuti ya Open Siddur wameiweka bure. Ni nzito, soma aya moja tu.

Haggadot.com inakuwezesha kuunga mwongozo wako kipande kwa kipande, lakini kila mtu anapandisha chake: kimoja dhahabu, kinachofuata pumba. Kama huna muda wa kuchambua, achana nayo. Hadithi za watoto zipo PJ Library, mradi wa vitabu vya watoto vya Kiyahudi.

Kinara_NBO: Jamani, mbona hakuna aliyetazama kalenda? 23 Januari ni Jumamosi. Hebcal, kalenda ya Kiyahudi ya mtandaoni, itakuonyesha kwamba inaanza Ijumaa 22 jua likizama. Wakwe wakiwa wanashika Sabato, hakuna simu mezani, hakuna kuchapa, hakuna kupanda mti. Tovuti zote hizi zinabaki karatasi, basi pima ipi inachapika vizuri. Haggadot.com nayo uimalize mapema.

Mkwaju_Toronto: Dah! Mama mkwe anashika, tena sana. Basi ni Hazon, nitachapa Alhamisi, baraka nitazitoa Chabad, na aya moja ya Zaituni kwenye kikombe cha nne. Kupanda miti kwenye theluji hii hata Jumapili haiwezekani. Embe nazo Januari ni bei mbaya. Za kukausha zinafaa?

Zaituni_H: Wengi huotesha kotimiri (parsley) kwenye kopo dirishani, ikaliwa Pasaka ya Kiyahudi. Jumapili wape watoto kazi hiyo.

BintiMbale: Embe kavu haina kokwa, mtoto ataona nini? Nunua tende zenye kokwa, duka lolote la Waarabu zipo. Na ile asali ya Kumbukumbu la Torati 8:8, kwenye orodha ya mazao ya nchi ya ahadi, inafasiriwa kuwa ya tende, kwa hiyo mama mkwe hatakuwa na neno.