Tupeane uzoefu: matairi na upepo wa bajaji na guta, wewe unachagua kwa kigezo gani?

Mwanzisha mada, Dar es Salaam

Wakuu, habari za kazi. Ninaomba wenye bajaji, guta na pikipiki nyingine za miguu mitatu tuelezane namna tunavyochagua matairi pale yale yaliyokuja na chombo yanapoisha, na kiasi cha upepo tunachojaza. Wengi wetu jambo hili tumewaachia muuza duka na fundi pancha. Wa kwanza anakuuliza una shilingi ngapi, wa pili anajaza mpaka tairi likigongwa litoe mlio unaomridhisha, na hakuna kati yao anayeuliza chombo kinabeba nini.

Nianze mimi. Yangu ni Bajaj RE ya abiria, na magurudumu yote matatu yanatumia saizi 4.00-8. Hiyo 4.00 ni upana wa tairi kwa inchi, 8 ni kipenyo cha rimu, na kistari cha katikati kinamaanisha kwamba nyuzi za ndani zimelazwa mshazari. Lingekuwa tairi la radiali ungeona herufi R mahali pa kistari. Kwenye saizi hakuna ubishi. Ubishi huanza kwenye PR (kifupi cha ply rating), kwa sababu dukani utapewa 4PR na 6PR kwa saizi ileile, na muuzaji atakuambia kwamba namba hiyo ni idadi ya matabaka ya nyuzi ndani ya tairi. Siku hizi ni daraja la uimara tu, na tairi la 6PR linaweza kuwa na matabaka machache kuliko hayo.

Kwa hiyo mimi husoma namba ndogo inayofuata, ile ya uzito, pamoja na herufi ya mwendo. Namba 66 ni kilo 300 kwa tairi moja, 71 ni kilo 345. Herufi J ni kilomita 100 kwa saa, ambazo bajaji yangu haizifikii hata kwenye mteremko. Bajaji tupu ina kama kilo 350. Ukiweka dereva na abiria watatu unakaribia 630, na kama theluthi mbili zinaangukia nyuma, kila tairi la nyuma linabeba kama kilo 210. Tairi la 66 linatosha na kubakiza, kwa hiyo sioni sababu ya kulipia tairi gumu la mizigo linalowarusha abiria. Fedha hiyo afadhali iende kwenye tairi jipya kweli. Tazameni tarakimu nne za mwisho kwenye msimbo unaoanza na DOT: 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililoning'inizwa mbele ya duka, linapigwa jua mwaka hadi mwaka, utalikuta limeshaanza nyufa ndogondogo ubavuni hata kama kashata zake (vinundu vya sehemu inayokanyaga barabara) hazijawahi kugusa lami.

Upepo ninajaza psi (kipimo cha msukumo wa upepo) 30 mbele na 34 hadi 36 nyuma, nikifuata kitabu cha chombo. Namba kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha juu, yaani upepo unaohitajika tairi linapobeba uzito wake wote wa mwisho, na watu wengi wanaichukua kama agizo. Karibuni.

Mwenye guta, Mwanza

Mkuu, umeanza vizuri, lakini hesabu ya guta ni nyingine kabisa, na hapo ndipo namba ya uzito inapokuwa suala la maisha. Langu linabeba tofali, mchanga na mawe katika milima yetu hii, na linavaa 5.00-12.

Sikutaka kukisia, nikalipeleka kwa wanunuzi wa chuma chakavu wenye mizani iliyo sawa na ardhi. Nilipandisha magurudumu mawili ya nyuma peke yake, la mbele likabaki nje. Likiwa na tofali za kilo 500 hivi, mizani ilisoma kilo 760 nyuma, maana yake kilo 380 kwa kila tairi. Sasa tazama namba: 75 ni kilo 387, 80 ni 450, 84 ni 500, na 88 ni 560. Tairi la 75 lingekuwa limebakiza kilo saba tu, na hapo bado halijaingia shimoni wala kuegemea upande mmoja kwenye kona. Mimi sinunui chini ya 84.

Wateja wetu nao wanajua sana kusema "ongeza kidogo tu, bosi". Ukibeba tani moja, nyuma itafika kilo 1,200 au karibu yake, sawa na 600 kwa kila tairi, na hata tairi la 88 umelipita. Hapo ndipo wengi wanapokimbilia kuongeza upepo, wakidhani tairi likiwa gumu linabeba zaidi. Tairi likishafika kikomo chake, upepo zaidi hauongezi hata kilo moja ya uwezo. Unaongeza tu ukali wa mlipuko. Tena rimu, beringi na ekseli vyote vilipimwa kwa uzito uleule wa kiwandani.

Kitabu changu kinataja upepo kwa kilopaskali: 225 mbele na 280 nyuma. Kilopaskali 100 ni bar moja au psi 14.5, kwa hiyo ninapata takribani psi 33 mbele na 41 nyuma. Ninarudi tupu na upepo uleule, linaruka kidogo, ninavumilia, kwa sababu nikiupunguza ninaweza kupakia tena nikiwa nimesahau.

Jambo moja la ziada, ingawa si la tairi moja kwa moja: panga mzigo uegemee mbele ya ekseli ya nyuma. Ukiurundika mwishoni mwa bodi, gurudumu la mbele linakuwa jepesi, na kwenye kilima usukani unaacha kukusikiliza hata kama tairi ni jipya na upepo ni sahihi.

Dereva wa bajaji, Tanga

Ninaheshimu hesabu zenu, ila mimi hujaza psi 45 nyuma, na sijaona tatizo. Bajaji inakuwa nyepesi, mafuta yanadumu, na pancha zimepungua. Mkifuata kitabu mtamtajirisha mwenye sheli.

Mwanzisha mada

Ndugu wa Tanga, kwenye mafuta una hoja, kwa kuwa tairi gumu halikandamizwi sana barabarani na injini inapumzika kidogo. Lakini pitisha kiganja juu ya matairi yako ya nyuma. Kama kashata za katikati zimeliwa kuliko za mabegani, basi unachookoa kwenye petroli unakitoa kwenye matairi. Upepo ukiwa mdogo utaona kinyume chake, mabega yanaisha katikati pakiwa pazima. Kuna na breki: tairi lililovimba linagusa lami kwa sehemu nyembamba, na asubuhi ya mvua ukiwa na abiria mmoja tu nyuma, utayaona magurudumu yanateleza kabla hujasimama.

Dereva wa bajaji, Tanga

Ni kweli katikati yamelika. Nitashuka hadi 36 nione.

Fundi wa matairi, Morogoro

Ninaomba niongeze yanayoonekana upande wetu wa kazi.

Rimu nyingi za bajaji zenye inchi 8 ni vipande viwili vilivyobanwa pamoja kwa nati. Kabla ya kugusa nati hizo, toa upepo wote, ondoa na sindano ya valvu, ubonyeze tairi kwa goti mpaka uhakikishe limelala. Anayefungua nati za rimu wakati upepo bado umo ndani anaachilia vipande viwili vya chuma viruke usoni mwake. Mwenye bajaji, hata kama hufanyi kazi hii mwenyewe, simama uangalie. Kijana asiyejua tofauti ya nati zinazoshika gurudumu kwenye habu na nati zinazoshika nusu mbili za rimu, usimwachie.

Kwa sababu hiyohiyo, anayeuliza kuhusu tyubulesi (tairi lisilo na tyubu) kwenye rimu ya vipande viwili ajue kwamba upepo utatokea kwenye maungio. Lazima tyubu iwemo. Na tairi likiwa jipya, weka tyubu mpya ya saizi yake. Tyubu ya zamani imeshatanuka, na ukiifungia ndani ya tairi jipya inajikunja. Mkunjo unasuguana, na baada ya muda unapata pancha isiyo na msumari. Nyunyiza poda ndani, jaza upepo kidogo ili tyubu ijinyooshe, utoe, kisha ujaze kikamilifu.

Ukiona mdomo wa valvu umelala upande badala ya kusimama wima, tairi linazunguka juu ya rimu kwa sababu ya upepo mdogo, na tyubu inavutwa. Usisubiri ichanike shingoni, maana hapo haizibiki.

Kuhusu geji ya kupimia upepo, niseme ukweli hata kama unatuuma mafundi. Geji nyingi za vijiweni ni za malori, zinafika psi 200 na zaidi, na kati ya 20 na 40 mshale unasogea upana wa ukucha. Nunueni geji ndogo yenu, muiweke chini ya kiti.

Mwenye tuktuk, Mombasa

Hapa kwetu nina tuktuk ya dizeli, Piaggio Ape, inayovaa 4.50-10. Ningependa tulizungumzie gurudumu la mbele, kwa maana naona mmelipita haraka.

Magari hupita na magurudumu yao pande mbili za njia, na kila kilichomwagika, changarawe, misumari, vigae vya chupa na oili, husukumwa hadi ule ukanda wa katikati. Gurudumu letu la mbele ndilo linalosafiri juu ya ukanda huo siku nzima. Mwenye pikipiki ya miguu miwili atachagua pa kupita, sisi tukikwepesha la mbele tunatumbukiza la nyuma. Ndiyo sababu ninaweka mbele tairi lenye mistari inayozunguka duara lote, ambalo hushika mwelekeo vizuri na halihifadhi mawe, na nyuma ninaweka lenye kashata pana za kusukuma. La kiraka au la mtumba siliweki mbele kamwe. Likipasuka hilo, huna jingine la kukushikia usukani.

Kama la mbele linaisha upande mmoja tu, usinunue jingine kabla ya kuangalia bushi na beringi za usukani, la sivyo jipya nalo litaliwa vilevile.

Mwenye guta, Makambako

Kwetu baridi ina neno lake. Upepo hupungua kama psi moja kwa kila nyuzi joto tano au sita zinazoshuka. Chombo kilichojazwa psi 36 saa nane mchana kwenye nyuzi 33, kikalala hadi alfajiri ya nyuzi 8, kinaamka na psi 32 bila pancha yoyote. Pimeni asubuhi kabla ya kuanza kazi. Na mkipima mchana matairi yakiwa ya moto mkakuta yamezidi, msiyapunguze, kwa sababu yakipoa yatakuwa chini ya kiwango.

Mmiliki mpya, Dodoma

Ninashukuru kwa maelezo. Tairi langu moja la nyuma limechanika ubavuni, la pili lina kama nusu ya kashata. Je, ninaweza kununua moja tu, au ni lazima yote mawili?

Mwenye guta, Mwanza

Nunua mawili ukiweza, saizi moja, PR moja, na aina moja ya kashata. Jipya ni kubwa kidogo kwa duara kuliko lililolika, kwa hiyo hata kwenye barabara iliyonyooka magurudumu yako hayatazunguka sawa, na difu (gia zinazoruhusu magurudumu ya nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti kwenye kona) itafanya kazi ya kona muda wote, huku chombo kikivutia upande mmoja.

Kama fedha ni ya moja tu, chukua kamba, yazungushie yote mawili yakiwa na upepo sawa, ulinganishe urefu. Tofauti ikiwa kubwa, lipeleke jipya mbele iwapo magurudumu yako yote ni saizi moja, na lililokuwa mbele, likiwa bado zima na aina yake inafaa, lirudi nyuma kuungana na lile la nusu. Pima tena kwa kamba haya mawili kabla fundi hajafunga, na usimpe jibu la "yanalingana kwa macho".