Kikundi cha "Nyumba ya Dani": Otis na Para

Otis: Familia, hamjambo. Majibu ya damu yametoka. Mimi ni AS, yaani nimebeba kinasaba kimoja cha selimundu, ule ugonjwa wa chembe za damu kujikunja. Usajili wa jeshi ukitangazwa bado naenda, na ninakotaka kufika ni kule kule, Para, kikosi cha wanajeshi wanaoruka na miavuli. Afadhali mlisikie kwangu.

Mama Otis: Otis, mbona hukunipigia kwanza?

Otis: Ungelia, Mama, na mimi niko stejini Kondele nangoja abiria.

Mama Otis: Nimezika mtoto mmoja kwa selimundu. Huyu mwingine ataruka kutoka kwa ndege?

Kevo: Wueh

Aunti Sista: Dada, pole. Lakini Tonny alikuwa SS, alirithi kinasaba cha S kwa wazazi wote wawili. Otis ni AS, hiyo si selimundu. Amerithi S kwa mzazi mmoja na A kwa mwingine, na hiyo A ndiyo inayombeba. Wewe na Baba Otis ni AS pia, la sivyo Tonny asingezaliwa SS. Mmelima, mmebeba magunia, mmezaa watoto watano, nani amewahi kuwalaza wodini kwa sababu hiyo? Huku ziwani tuko wengi kwa sababu mtoto mwenye AS haangushwi kirahisi na malaria kali.

Kevo: Kumbe ni baraka

Aunti Sista: Kevo ngoja nimalize, niko zamu ya usiku, naandika kwa vipande.

Aunti Sista: Otis, wewe nawe usishangilie. Mwaka 1968 hadi 1969 makurutu wanne wenye AS walikufa kwenye mazoezi Fort Bliss, Texas. Vijana wazima kabisa. Kambi ile iko mita 1,200 hivi juu ya bahari.

Otis: Aunti, 1,200 si ni karibu sawa na hapa Kisumu?

Aunti Sista: Ndiyo. Na kurutu wa Kenya anapelekwa Eldoret, mita 2,100 hivi. Mwili uliozoea ziwa ukikimbizwa huko wiki ya kwanza, maji kidogo, hewa nyepesi, zile chembe za damu zinaweza kujikunja na kuziba mishipa. Misuli inakosa damu, inaanza kuvunjika. Mkojo unatoka rangi ya strungi. Hapo figo ziko hatarini, na usipofikishwa hospitali haraka unaweza kupoteza maisha.

Mama Otis: Mnaona sasa. Nimesema mimi.

Otis: Lakini Aunti, nimesoma pia kwamba Chuo cha Jeshi la Anga la Marekani kilikuwa kinawakataa watu wa AS, kikaacha mwaka 1981. Kama ni hatari hivyo mbona waliacha?

Aunti Sista: Nilikuwa nafika huko. Kuna utafiti wa 2016, wanajeshi Weusi wa Marekani karibu 48,000. Wenye AS hawakufa zaidi ya wenzao. Ile ya misuli kuvunjika ndiyo iliwapata zaidi, kwa asilimia 54. Na wavuta tumbaku nao, AS au si AS, hatari yao iliongezeka asilimia 54 hiyo hiyo.

Otis: @Kevo 😂

Kevo: Mimi siendi jeshi. Niacheni na sigara yangu.

Kevo: Otis, kuna jamaa mjini anatoa karatasi safi ya maabara. Unaandikiwa AA, unaenda zako.

Anko Afande: Kevo futa hiyo.

Anko Afande: Nimesema futa.

*Ujumbe huu umefutwa*

Anko Afande: Sasa nisikilizeni. Tangazo la KDF, jeshi letu la Kenya, huwa linasema uwe na afya kwa viwango vya jeshi, na wanaopima ni madaktari wa jeshi. Karatasi ya huyo jamaa itakufikisha getini tu, halafu uitwe mdanganyifu. Usajili ni bure, vyeti ni vya kweli, basi. Tena hakuna anayetoka uwanjani moja kwa moja kwenda Para. Kwanza uwe kurutu kama wengine, umalize, upelekwe kikosi, ndipo uombe. Huko mbele kuna kuchujwa mara ya pili na ya tatu. Ukianza na uongo, utaubeba mlima wote huo pamoja na begi lako.

Otis: Anko, nikiandika AS kwenye fomu si wananitoa tu?

Anko Afande: Labda. Ukitolewa kwa daktari, unarudi nyumbani ukiwa hai, unatafuta kazi nyingine. Wakati wetu kulikuwa na kijana aliyeficha pumu. Siku ya mbio ndefu alianguka, na sisi tukadhani ni mvivu. Tulimpigia kelele ainuke! Hilo silisahau. Mwalimu anayejua uko AS, ukilegea miguu anaita gari. Asiyejua anakupa adhabu.

Aunti Sista: Hapo Anko amesema kitu hata sisi wodini tunasisitiza. Mtu wa AS akianguka mazoezini ni dharura mpaka daktari aseme vingine.

Baba Otis: Mimi naona aende. Lakini aandike AS.

Mama Otis: Wewe ulikuwa wapi saa hizi zote?

Baba Otis: Nasoma.

Dani: *(sauti, sekunde 48)*

Kevo: Kwa wasio na bando: Dani anasema mjukuu wake asikimbie bila kula, na huyo wa kuruka na mwavuli ashuke shambani kwake amsaidie kuvuna mahindi.

Mama Otis: Sawa. Lakini sijakubali Para. Nimekubali vipimo. Dada, anahitaji nini?

Aunti Sista: Mkojo na figo, kwa sababu AS wakati mwingine hutoa damu kwenye mkojo bila maumivu. Halafu barua ya daktari yenye majibu yote. Aje Jumatano kabla ya saa tatu, kitambulisho mkononi.

Anko Afande: Na mazoezi yapande polepole, Otis. Mwezi huu hakuna kushindana na mtu. Siku ya homa hukimbii. Ukipata nafasi ya kukaa kwa binamu yako Eldoret wiki kadhaa kabla ya usajili, nenda. Kesho saa kumi na moja alfajiri tukutane Dunga, uje na maji lita mbili.

Otis: Lita mbili Anko? Tunakimbia wapi, Busia?

Anko Afande: Moja ni yangu.