Tupeane uzoefu: Uliyefaulu vizuri kidato cha 6, ulikuwa unasomaje hasa?

Wakuu, habari za jioni.

Mdogo wangu ameingia kidato cha 5, PCM (Fizikia, Kemia, Hesabu). Kidato cha 4 alipata one (divisheni ya kwanza) nzuri tu. Sasa testi ya kwanza ya Fizikia kapata 38, na juzi kanipigia kwa simu ya patroni analia. Nilimwambia akazane, nikakata simu nikajuta, maana kukazana anakazana tayari. Ndiyo nikaona nifungue uzi huu. Naomba mtu aeleze alifanya nini, saa ngapi, na daftari gani.

Naanza mimi. Nilisoma PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia) shule ya bweni ya serikali, nyanda za juu kusini. Muhula wa kwanza nilikuwa mtu wa kukesha. Natia miguu kwenye beseni la maji baridi usingizi usinichukue, nasoma notisi za Baiolojia, napiga mistari kwa kalamu nyekundu mpaka ukurasa mzima unageuka mwekundu. Nikisoma najiona nimeelewa kila kitu. Kwenye mtihani nakumbuka hata mchoro ulikuwa upande gani wa ukurasa, ila maelezo yenyewe hayaji.

Aliyenibadilisha ni mwenzangu wa kitanda cha juu. Saa 4 usiku taa zikizimwa, yeye analala, na darasani ndiye wa kwanza. Siku moja kwenye prepo, yaani muda wa kujisomea jioni, nikamkalia jirani kusudi nimwone. Anasoma kurasa 3 au 4, anafunga kitabu, anachukua pepa la zamani lenye mgongo mweupe, anaandika kila anachokumbuka. Akiishiwa, anafungua kitabu na kujisahihisha kwa kalamu ya rangi nyingine. Anachorudia ni kile kilichokosekana tu. Mzunguko wa Krebs, zile hatua za seli kupata nishati, nilimwona akiuchora Jumatatu, Jumatano na Jumapili ya wiki moja. Jumatatu aliruka hatua 2, mojawapo ikiwa pale kaboni dayoksaidi inapotoka. Jumapili hakuruka hata moja.

Nikamuiga. Wiki 2 za mwanzo zinaumiza, unajiona hujui kitu kabisa. Nilimaliza na one ya pointi 5. Karibuni.

Kikokotoo
Mkuu, huyo mdogo wako wa PCM mwambie anunue kaunta buku moja iwe ya makosa tu. Mimi nilikuwa nayo. Kila swali nililokosa naliandika upya, chini yake naeleza kwa sentensi moja nilikosea wapi: sikujua, nilijua nikakosea hesabu, au sikulisoma swali. Baada ya mwezi nikaifungua nikashangaa. Makosa mengi hayakuwa ya kutojua. Kwenye mitetemo kuna x = A sin ωt, na hapo ωt ni pembe iliyo kwenye radiani, si digrii. Nilikuwa nimekosa maswali 6 kwa sababu kikokotoo kilikuwa kwenye digrii! Fomula naijua, kila hatua iko sawa, jibu la mwisho ndilo linaharibika. Toka siku hiyo kabla ya swali lolote la mitetemo nakagua kwanza kikokotoo kiko kwenye radiani au digrii. Usiku wa kuamkia mtihani sikusoma kitu kingine zaidi ya ile kaunta buku.

Mama Wawili
Mimi nilikuwa wa kutwa, EGM (Uchumi, Jiografia, Hesabu), na nyumbani ndiye binti mkubwa. Prepo sikuwahi kuiona. Narudi saa 10 jioni, maji, kupika, wadogo waoge. Nilichofanya, nilikata kalenda ya zamani vipande vya ukubwa wa kiganja. Mbele swali, nyuma jibu. Navifunga kwenye ncha ya khanga, nakwenda navyo bombani. Foleni ya ndoo wakati mwingine inachukua saa nzima. Natoa kimoja, najiuliza, najibu kwa sauti ya chini, ndipo nageuza. Nilichokipata nakihamishia ncha ya pili, nilichokosa kinabaki palepale mpaka kesho. Mezani nilikuwa napata saa 1 na nusu tu, nayo nilikuwa naitumia kwa hesabu, maana hesabu huwezi kufanya umesimama kwenye foleni. Niwaombe wazazi mnaosoma hapa: mpunguzieni binti kazi hata siku 2 kwa wiki. Nilifaulu, lakini niliumia sana.

Mpiga Msuli
Mimi nilikesha miaka yote 2 na nikapata one. Kila mtu na mwili wake.

Mleta uzi
@Mpiga Msuli sawa mkuu, nashukuru. Ila ulikuwa unakesha unasoma au unakesha unafanya maswali? Nauliza kwa nia njema, nataka kujua.

Mpiga Msuli
Maswali. Pepa za miaka 10 nyuma, nazipiga kwa saa ya mkononi. Saa 3 zikiisha naweka kalamu chini hata kama sijamaliza.

Mwalimu wa Kemia
Nafundisha kidato cha 5 na 6. Huyo wa kitanda cha juu alikuwa anafanya jambo lililopimwa. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke, watafiti wa Marekani, waliwapa wanafunzi wa chuo kifungu cha kusoma. Wengine wakakirudia kukisoma, wengine wakafunga na kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya siku 2, na baada ya wiki 1, waliojipima wakawa wamewapita. Ndiyo maana mwanafunzi anadanganyika: usiku uleule aliosoma anajiona yuko vizuri.

La pili. NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, swali kwa swali, na ndani kuna sampuli za majibu mazuri na mabaya. Zipo kwenye tovuti yao bure. Nikiwauliza wanafunzi wangu nani ameisoma, mikono inayonyooka haifiki 3. Inaniuma kweli. Mtu anatafuta madesa (notisi za kunakili) ya kununua mjini, na hii imekaa pale haina bei.

Wa Kilifi
Hamjambo ndugu zangu. Mimi ni wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, sina kidato cha 6, lakini naomba nichangie kuhusu Kiswahili. Karatasi ya 2, ufupisho una alama 15, na nilikuwa nazipoteza kila mara kwa kupitisha idadi ya maneno. Mwalimu akaniambia kila asubuhi kabla ya gwaride nichukue aya moja ya gazeti niifupishe kwa maneno 40, si zaidi. Dakika 10 tu. Nilianza Januari, na kufikia Aprili nilikuwa nikiona sentensi najua kipi cha kuacha.

Sauti ya Ubao
Kwetu ilikuwa diskasheni, ila ya watu 4, wakizidi hapo ni porojo. Kila mmoja anapewa mada, Jumamosi anasimama ubaoni. Sheria yetu: kwanza eleza kwa Kiswahili mpaka wote waelewe, ndipo urudie kwa Kiingereza cha kuandikia pepa. Nilikuwa na madefinisheni mengi kichwani kwa Kiingereza ambayo kwa Kiswahili nilishindwa kuyaeleza. Hapo nikajua nilikariri.

Kidato cha 5 sasa
Shikamooni kaka na dada zangu. Niko nyumbani likizo. Nimesoma uzi wote nikaenda kujaribu. Nimesoma mada ya urushwaji ya Fizikia (mwendo wa kitu kilichorushwa), nikafunga, nikaandika. Vipengele 11, nimekumbuka 4. Nilikuwa nimeisoma mara 3 wiki hii.

Mleta uzi
Marahaba. Viandike vile 7 ulivyosahau pembeni, ulale. Keshokutwa jipime tena kabla ya kufungua kitabu, halafu uje utuambie umepata ngapi.