Eti ugonjwa wa miguu na midomo ulitoka kiwanda cha chanjo Uingereza?

MfugajiNjombe:
Wakuu, habari za majukumu. Nafuga ng'ombe wa maziwa, chotara wa Friesian. Wiki iliyopita afisa mifugo kapita kuchanja dhidi ya miguu na midomo, kila mtu kachangia kwa idadi ya ng'ombe wake. Jirani yangu kagoma. Anasema chanjo ndiyo inayoleta ugonjwa, na kwamba mwaka 2007 Uingereza ugonjwa ulitoka kwenye kiwanda chenyewe cha chanjo ukaingia mashambani. Nilijua ni maneno ya kijiweni, ila kijana mmoja aliyesomea mifugo kaniambia hilo la Uingereza ni kweli. Sasa naombeni mnisaidie, ni kweli? Maana na mimi hapa nina mtamba aliyeanza kutoa udenda tangu juzi na majani hataki.

KibokoYaKupe:
Mambo ya mabeberu hayo. Mimi shubiri mwitu kwenye maji ya kunywa, mwaka wa ngapi huu.

FundiChemba:
Mkuu, ni kweli, lakini jirani yako kashika mkia akaacha ng'ombe. Mimi si mtu wa mifugo, ni fundi wa mabomba ya viwandani, maji taka hasa. Habari ya Pirbright niliifuatilia mpaka mwisho kwa sababu kwangu ile ni kesi ya bomba.

Pirbright iko Surrey, kusini mwa Uingereza. Ndani ya uzio mmoja kulikuwa na maabara ya serikali ya utafiti wa magonjwa ya mifugo (hiyohiyo ambayo hata sampuli za huku kwetu hupelekwa) na kiwanda cha kampuni ya Merial, watengeneza chanjo. Tarehe 3 Agosti 2007 ugonjwa ukathibitishwa kwenye shamba lililo kilomita chache tu kutoka hapo. Kuja kupima vinasaba, wakakuta ni virusi vya mwaka 1967, aina ambayo siku hizo ilikuwa ya kwenye friji za maabara, haizunguki tena kwa mifugo. Hapo huwezi kumsingizia nyati wa porini kwamba ndiye kaleta.

Vilitokaje? Chanjo hii hutengenezwa kwa kuzalisha virusi hai kwanza, maelfu ya lita, halafu ndiyo vinauawa kwa kemikali. Maji taka ya kiwandani yalitiwa tindikali, kisha yakasafiri kwa bomba chini ya ardhi mpaka matangi ya upande wa maabara, ambako yalimaliziwa kwa kostiki (soda kali). Tindikali ilikuwa hatua ya kwanza tu. Kwa hiyo hapo katikati kuna bomba kuukuu linabeba maji ambayo yangeweza kuwa bado yana virusi hai.

Wachunguzi walipoingia wakakuta bomba limepasuka, maungio yanavuja, mizizi ya miti imo ndani, chemba hazijazibwa sawasawa. Na Julai ile Uingereza ilipigwa mvua mpaka mafuriko. Mzizi haupasui bomba zima hivihivi, unafuata unyevu. Ukifungua chemba ukakuta umeota kama ndevu kwenye ungio, ujue hapo panavuja toka zamani. Na kupima ni kazi ndogo: unaziba mwisho wa chini kwa plagi ya mpira, unajaza maji, unachora mstari wa chaki ukutani mwa chemba, unarudi asubuhi. Ukikuta maji yameshuka shibiri moja chini ya mstari, hiyo shibiri imekwenda kwenye udongo. Gharama yake ni kipande cha chaki na usiku mmoja wa kusimamisha kazi, na hapo kwenye kusimamisha kazi ndipo mabosi wanapokunja sura.

Sasa juu ya udongo huohuo kulikuwa na ujenzi. Malori yanaingia na kutoka na matope, hakuna wa kuyadhibiti, na baadhi yalipita barabara iliyo karibu na lile shamba la kwanza. Wachunguzi walisema hiyo ndiyo njia inayoelekea zaidi.

Kinachoniudhi ni kwamba ubovu wa bomba ulijulikana kabla. Walikuwa wanavutana nani alipie matengenezo. Na wizara iliyokuwa inaipa maabara kazi na fedha ndiyo hiyohiyo iliyokuwa inatoa leseni na kukagua. Nimefanya kazi viwanda vingi, na bomba linalopita chini ya ukuta wa watu wawili siku zote ndilo la mwisho kutengenezwa. Mwambie jirani yako aogope mabomba, asiogope sindano.

MamaJersey:
Asante fundi, umeeleza vizuri. Ila wafugaji wa huko walifidiwa? Maana hapa ikitokea tunaambiwa tu pole.

FundiChemba:
Waliochinjiwa mifugo walilipwa na serikali. Mashamba yaliyopatikana na ugonjwa yalikuwa 8 tu, kidogo sana ukilinganisha na mwaka 2001 walipoteketeza wanyama zaidi ya milioni 6. Lakini hasara kubwa haikuwa hapo mama. Mauzo ya nyama nje ya nchi yalifungwa, minada ikafungwa, mifugo haihami hata zizi kwa zizi. Tarehe 8 Septemba wakaondoa vizuizi wakijua yameisha, tarehe 12 likaibuka shamba jingine huko Egham, wakaanza upya. Serikali iliingia hasara ya pauni kama milioni 47, na sekta ya mifugo inakadiriwa ilifika milioni 100. Wale ambao ng'ombe wao hawakuugua ila walikosa soko walikwenda mahakamani, na mwaka 2009 wakagonga mwamba. Kwa hiyo hata huko wengine waliambiwa pole.

Na Novemba ya mwaka huohuo valvu ikavuja tena pale kiwandani. Safari hii maji yaliishia ndani ya mfumo.

DaktariWaKata:
Nyie mnaongea mabomba, ng'ombe wa mwenzenu anatoa udenda!

MfugajiNjombe, chanjo iliyo kwenye sindano virusi vyake vimekwisha kufa, haiwezi kumpa ugonjwa. Ila kinga haiji siku hiyohiyo, inachukua wiki moja mpaka mbili, na mnyama anaweza kuwa alishaambukizwa kabla ya kuchanjwa. Pia virusi hivi vina aina nyingi, huku kwetu kuna O, A, SAT1 na SAT2, na kinga ya aina moja haizuii nyingine. Bado hujagusa habari ya chanjo iliyokaa juani kwenye pikipiki, inatakiwa nyuzi 2 mpaka 8.

Fanya hivi leo. Mtenge huyo mtamba, mfungue mdomo uangalie ulimi na fizi kama kuna malengelenge au ngozi imebabuka, halafu angalia katikati ya kwato. Ukiona chochote, mpigie afisa mifugo wako kabla hujafanya kingine, usiuze wala usiazime ndoo wala dume. Ukikosa malengelenge, mtazame tena koo, anaweza kuwa amekwamwa na kitu, wala si miguu na midomo. Udenda peke yake hautoshi kusema. Piga picha ya ulimi uweke hapa.

MfugajiNjombe:
Sawa daktari, naenda bandani sasa hivi. Simu ina chaji kidogo, nikichelewa kujibu mjue ni umeme.