Tupeane uzoefu: siku yako ya kwanza kwa mshauri nasaha ilikuwaje?

Ndugu zangu, salaam. Nilipokuwa ninajiandaa kwenda kwa mshauri nasaha kwa mara ya kwanza, kila niliyemgusia aliniambia kwamba nitasaidika, lakini hakuna hata mmoja aliyenieleza kitakachotokea nikishaingia na mlango ukafungwa. Nilitarajia kitanda cha kujilaza na mzee mwenye ndevu; nikakuta viti viwili, saa ya ukutani iliyotundikwa nyuma ya kichwa changu ili mshauri aione bila kugeuza shingo, na boksi la tishu ambalo nililitazama kwa hasira, kwa sababu lilionekana limeshaamua kwamba nitalia.

Alianza na suala la usiri. Alisema kwamba nitakayoyasema yatabaki pale, isipokuwa maisha yangu au ya mtu mwingine yakiwa hatarini, ikibainika kuwa mtoto anadhulumiwa, au mahakama ikiamuru. Wakati ule mipaka hiyo ilinitisha. Leo ninaona kwamba ndiyo iliyonifanya nimwamini. Dakika zilizosalia katika zile 50 za kikao zilikwisha kwa maswali: ninalala vipi, ninakula vipi, ninatumia dawa gani, nimewahi kufikiria kujidhuru. Nilitoka nimechoka, sina jibu hata moja mkononi. Wenzangu, yenu ilikuwaje?

Mchangiaji wa kwanza

Mimi nilipewa karatasi ya kupima dalili za sonona, yenye maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila swali likiwa na alama kuanzia 0 hadi 3, na jumla yake haizidi 27; alama zikiwa nyingi, hali ni mbaya zaidi. Nilidanganya. Penye usingizi, kwa mfano, niliandika kwamba sina tatizo kabisa, ilhali usiku uliotangulia nilikuwa nimehesabu adhana mbili nikiwa macho. Katika kikao cha tatu nilikiri, nikiwa nimejiandaa kukaripiwa. Hakunikaripia, alitoa karatasi nyingine tupu, akanipa kalamu, na alama zangu zikapanda kutoka 6 hadi 17. Ndipo aliponieleza kwamba karatasi ile si mtihani wa kufaulu, bali ni kipimo cha kuanzia, ambacho baadaye tungekilinganisha na vingine ili tujue kama tunasogea au tumekwama. Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja: jazeni ukweli mapema, mtaokoa vikao viwili.

Mchangiaji wa pili

Kwangu hali ilizidi kuwa mbaya kabla ya kuwa nzuri, na ningependa mtu angenitahadharisha. Baada ya kikao cha pili nilikosa raha siku tatu, kwa kuwa tulikuwa tumefukua jambo nililolifukia miaka mingi. Nilikaribia kuacha kimyakimya. Badala yake nilirudi nikamwambia hivyo hivyo, naye akapunguza mwendo.

Mchangiaji wa tatu

Mimi na mshauri wangu wa kwanza hatukuelewana, kwani alizungumza kuliko mimi. Nilimuaga kwa adabu, nikatafuta mwingine. Hilo si utovu wa shukrani, na mshauri aliyekomaa haoni kwamba ametukanwa.

Mchangiaji wa nne

Niongeze jambo ambalo huwachanganya wengi: mshauri nasaha huzungumza nawe, na kwa kawaida hakuandikii dawa; zikihitajika, atakuelekeza kwa daktari bingwa wa magonjwa ya akili, na wapo wanaowaona wote wawili kwa wakati mmoja.

Mimi nilifuata tiba ya kurekebisha fikra na tabia, ambayo Aaron Beck aliianzisha nchini Marekani katika miaka ya 1960. Ina kazi za nyumbani, na kusema kweli kazi hizo zilinisaidia kuliko mazungumzo yenyewe. Nilikuwa na daftari nililoligawa katika safu nne: tukio, wazo lililonijia, kiasi ninachoamini wazo hilo, na ushahidi. Siku moja bosi aliniandikia, "Njoo ofisini," basi. Niliandika, "Ninafukuzwa kazi," nikaweka asilimia 90. Kwenye safu ya ushahidi sikupata la kuandika. Nilipofika, alikuwa anatafuta ufunguo wa kabati la mafaili.

Mwanzisha mada

Ninawashukuru sana. Mchangiaji wa pili ndiye aliyenipa ujasiri, kwa sababu nami nilikuwa na jambo dogo nililoona aibu kulisema: ile saa nyuma ya kichwa changu ilinifanya nijihisi ninahesabiwa, na nilikuwa ninaharakisha maneno nisije nikakatizwa. Juzi, katika kikao cha nne, nililisema. Aliinuka, akaitungua ukutani, akaisimamisha mezani kati yetu, kisha akauliza, "Hapo unaiona?" Nikamjibu kwamba ninaiona. Zilikuwa zimebaki dakika 35, nami nikaanza upya, polepole.