Wafugaji wa ndege Tanga, tupeane uzoefu: ulimlisha nini, kikakukuta nini?

Baba Jozi Nane
Wakuu, salaam. Niko Ngamiani, nina kasuku wadogo wa Australia kwenye tundu barazani na njiwa jozi nane uani. Kila nikikaa kahawani na wenzangu nasikia mapya, nikaona tuyaweke hapa. Ombi moja tu: ya vitabuni yaacheni, tupeni yaliyowakuta wenyewe.

Naanza, na ni aibu yangu. Kasuku wangu wa kwanza, jike la kijani, alikufa njaa na kibakuli kimejaa. Nilikuwa natoka alfajiri, natupa jicho, naona uwele umejaa pomoni, naenda zangu kazini. Siku ya tatu mama watoto akaniita: ndege kajikunyata chini ya tundu, manyoya kayatimua kawa kama mpira. Nikanyanyua kibakuli, nikapuliza. Makapi yote yakaruka, mengine yakaniganda ndevuni, chini zikabaki punje saba. Nilizihesabu. Kumbe yule humenya: kiini anameza, ganda linabaki palepale juu, ukitazama kwa mbali unasema chakula kipo. Hakufika jioni.

Tangu hapo napuliza kibakuli kabla sijapiga mswaki. Vijiko viwili vya chai vya uwele kwa ndege mmoja kwa siku, jani la mchicha lililooshwa, na maji nabadili asubuhi na jioni, maana kwa joto letu la kaskazi maji ya alfajiri ikifika adhuhuri yameshakuwa na utelezi.

Mla Muhogo
Pole mkuu. Punje saba ulizihesabu ili iweje?

Baba Jozi Nane
Hata mimi sijui. Nilikuwa sijui nifanye nini na mikono.

Bibi wa Mwanzange
Pole baba, hayo hutokea. Mimi njiwa nimerithi kwa marehemu mama. Mwaka jana paka wa jirani alimla jike, dume naye akasusa, wakabaki makinda wawili, manyoya ndiyo kwanza yanachomoza. Mjukuu wangu kasikia shuleni kwamba njiwa ana maziwa. Basi tukawapa maziwa ya ng'ombe kwa bomba la sindano. Mmoja akafa usiku wa pili, tumbo limevimba.

Bwana mifugo alinicheka kwanza, kisha akanieleza. Yale ya njiwa huitwa maziwa kwa jina tu, ni kama uji mzito unaotengenezwa kwenye gole, kile kifuko cha shingoni, na dume anao kama jike. Makinda hulishwa huo siku za mwanzo, baadaye wazazi wanachanganya na nafaka. Maziwa ya ng'ombe ndege hayamwendi kabisa.

Yule aliyebaki nilimlowekea choroko kwenye maji ya vuguvugu mpaka zikalainika. Unamfungua mdomo kwa kidole, unatia choroko moja nyuma ya ulimi, anameza, unatia nyingine. Huku unampapasa gole: likijaa linakuwa kama kifuko cha shanga. Hapo acha. Na asubuhi ukilikuta bado gumu usimwongeze, ngoja lishuke. Ameishi. Siku hizi nikipepeta mchele anatua ndani ya ungo, namfukuza anarudi.

Nahodha Mstaafu
Shikamoo Bibi. Nyie wa kasuku nina neno. Mnahangaika na chokaa za kununua na mnaishi pwani! Ule mfupa mweupe wa dome, yule jamaa wa ngisi, unaotupwa na maji, nenda Raskazone maji yakitoka utauokota bure. Ila usiutie tunduni na chumvi yake. Mimi naloweka kwenye maji baridi siku tatu, nabadili maji kila siku, kisha naanika juani mpaka ukauke kabisa. Unaubana kwenye waya, upande laini unamwelekea ndege. Nilikuwa na jike yai lilimkwama, akalala chini anajikamua, hata kupumua kwa shida. Aliponea chupuchupu. Aliyenisaidia alisema ndege alikuwa hana chokaa mwilini, nami nilikuwa namlisha mbegu tupu mwaka mzima.

Bibi wa Mwanzange
Marahaba. Hata njiwa wanaugonga huo. Na maganda ya mayai yaliyokaangwa na kusagwa pia wanayapenda.

Dada wa Chumbageni
Mimi ni fupi na inaniuma. Tundu lilikuwa jikoni. Nikaweka kikaango cheusi kile kisichogandisha kwenye gesi, simu ikaita, nikasahau. Kikaango kitupu kikapata moto mkali. Hatukusikia hata harufu ya maana, sisi wazima, ndege wawili chini. Nilidhani uchawi. Ni moshi wa ile rangi ya kikaango, ndege mapafu yake hayauwezi. Tundu lisikae jikoni, basi.

Mla Muhogo
Na parachichi? Shemeji yangu anasema ni sumu, mimi naona chumvi tu za mjini.

Dada wa Chumbageni
Si chumvi. Usimpe hata kipande. Embe, papai, pera mpe, mbegu za tunda toa.

Mwana wa Makorora
Upande wa njiwa: nilinunua jozi nzuri sana sokoni, manga weupe, nikawatia moja kwa moja bandani na wenzao. Wiki ya pili mmoja akaanza kupinda shingo, anaangalia juu kama anatafuta mwezi, anadonoa punje anaikosa. Wakafuatana. Kati ya ishirini na mbili nilibaki na watano. Siku hizi mgeni anakaa mwezi mzima peke yake, na nikishamhudumia naosha mikono na kubadili kandambili kabla ya kuingia kwa wengine. Watu wananicheka kwa kandambili. Wacheke.

Halafu masika, chungeni mahindi. Gunia likilala sakafuni linapata ukungu kwa chini wewe unaona juu pakavu. Nanusa kila ninapochota. Likinuka uvundo natupa, hata kama linauma.

Mgeni Tangasisi
Wakuu, naomba anayejua pa kupata yule kasuku mkubwa wa kijivu anayesema.

Nahodha Mstaafu
Kijana, usiguse. Biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu waliotekwa porini ilifungwa tangu 2017, na hapa nchini ndege wa porini ni mali ya serikali, bila kibali unajitafutia kesi. Anza na hawa wadogo waliozaliwa tunduni. Kusema kwenyewe, hata huyo mdogo dume ukimkalia atakuita jina.

Mgeni Tangasisi
Asante mzee. Kweli ninao wawili wadogo. Ila dume kachoropoka leo asubuhi nikibadili maji! Yuko juu ya mwarobaini, kunguru wanamzengea. Nifanyeje?

Baba Jozi Nane
Usimrushie kitu wala usipande. Toa tundu lenye jike, liweke juu ya ukuta amwone na amsikie, kibanda kitupu kando yake mlango wazi. Mfukuze kunguru tu. Jua likipungua tikisa kibakuli chake, anaujua mlio ule. Hakikisha ni punje, makapi hayalii.

Mgeni Tangasisi
Wakuu. Jike kaita mchana kutwa mpaka sauti ikakauka. Saa kumi na moja na nusu nikatikisa, akashuka ukutani, akatembea kama mtu anayerudi kuchelewa, akaingia mwenyewe. Nimefunga mlango kwa waya. Sasa hivi anakula. Nilipuliza kwanza.